Mambo ya Nyumbani: Mume Anapomuuguza Mkewe

Mtu akishikwa na maradhi makubwa, siku za kwanza nyumba hujaa watu. Majirani huja na kuni na sukari, wazee wa kanisa huja na sala, na ndugu ambao hawajaonekana tangu siku ya arusi huketi uani wakitoa mashauri. Ifikapo juma la tatu wamebaki wachache. Ifikapo mwezi wa tatu amebaki mmoja tu, naye ni yule aliyefunga ndoa na mgonjwa mbele ya madhabahu au mbele ya kadhi. Uuguzi wote humwelemea huyo, tena watu hawamwulizi habari zake mwenyewe. Huuliza za mgonjwa tu, kisha huenda zao.

Yako maradhi mengi yawezayo kuwajaribu mume na mke kwa namna hiyo. Hapa utachukuliwa ugonjwa mmoja unaojulikana sana katika Kenya, yaani kifua kikuu, maana dawa yake yajulikana, muda wa kutibiwa wajulikana, na mahali ambapo watu huanguka njiani pajulikana pia. Tena ni ugonjwa ambao, ukitazama historia yake, utaona jinsi kitanda cha mgonjwa kilivyotoka hospitalini kikaja mpaka chumbani mwa mume na mke.

Tarehe 24 Machi 1882, Daktari Robert Koch aliwatangazia wataalamu mjini Berlin kwamba amekiona kijidudu kinacholeta ugonjwa huo. Lakini kumwona mwizi si kumkamata. Ilipita miaka 60 na zaidi kabla ya dawa ya kwanza yenye nguvu, streptomisini, kupatikana katika Marekani mwaka 1943. Na isoniazidi ikafuata mwaka 1952. Kabla ya hapo tiba ilikuwa kulala, kunywa maziwa na kuvuta hewa safi, na wengi walikufa hali wamelala vizuri. Hata dawa zilipofika, wagonjwa walilazwa hospitalini miezi mingi mbali na kwao. Mke alibaki na shamba na watoto, mume akabaki akitazama dari.

Ndipo mwaka 1956, katika mji wa Madras nchini India, ambao leo huitwa Chennai, madaktari walipoanza kujaribu jambo ambalo wenzao wengi waliliona kuwa hatari. Waliwagawa wagonjwa maskini katika mafungu mawili. Fungu moja lililazwa katika nyumba ya wagonjwa, likapewa vitanda safi, chakula kizuri na wauguzi. Fungu la pili lilirudi kwenye vyumba vyake vyenye msongamano, likala kidogo kilichopatikana, na wengine wakaendelea na kazi zao. Dawa zilikuwa zilezile kwa mafungu yote mawili, kwa muda wa mwaka mmoja. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1959, ilionekana kwamba waliotibiwa nyumbani walipona karibu sawasawa na wale waliolazwa. Tena jamaa waliokaa nao chumba kimoja hawakuonekana kuugua zaidi ya jamaa za wale waliotengwa.

Afrika ya Mashariki nayo ina sehemu yake katika habari hii, ingawa ni wachache waijuao. Tangu mwaka 1970, hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza kujaribu kama miezi 6 ya dawa yaweza kutosha mahali pa miezi 18. Iligunduliwa kwamba yatosha, mradi rifampisini iwe miongoni mwa dawa hizo. Matibabu ya miezi 6 yanayotumika sehemu nyingi za dunia yana deni kwa wagonjwa hao wa kwetu, ambao majina yao hayakuandikwa katika kitabu chochote cha shule.

Basi kitanda kimekuja nyumbani, na kazi ya mwuguzi imekuja pamoja nacho. Kadi ya mgonjwa ina nafasi ya kuandika jina la msaidizi, yaani mtu atakayehakikisha kwamba dawa imemezwa kila siku. Mara nyingi jina hilo ni la mume au la mke. Karani wa kliniki huliandika kwa dakika moja. Mwenye jina ataishi nalo nusu mwaka.

Mfikirie mkulima mmoja mwenye ekari mbili za chai na ng'ombe wawili, ambaye mkewe amekohoa majuma sita, amekonda, na usiku hutoka jasho mpaka shuka hulowa. Kohozi limepimwa, na vijidudu vimeonekana. Jioni hiyohiyo mama yake mkulima anamwita kando na kumwambia kwa upole, "Mwanangu, mrudishe kwao apumzike. Mama yake atamtunza. Akipona atarudi." Shauri hilo halitokani na ubaya. Mama huyo anawaogopea wajukuu, naye ameona katika ujana wake nyumba nzima zikiteketea kwa kifua. Tena katika jamii nyingi za nchi hii, kumpeleka mke mgonjwa kwa wazazi wake ni desturi ya siku nyingi, wala haihesabiwi kuwa ni kumtupa.

Lakini mume ayapime maneno hayo kwa yale yanayojulikana sasa. Ugonjwa huu hupita kwa hewa, mgonjwa akohoapo katika chumba kilichofungwa. Haupiti kwa kikombe, wala kwa sahani, wala kwa nguo. Wakati wa hatari kubwa ni ule uliokwisha pita, majuma yale sita ya kukohoa kabla ya kupimwa, ambapo wote walilala humo bila kujua. Akianza kumeza dawa zinazouweza ugonjwa wake, nguvu ya kuambukiza hupungua upesi, na kwa kawaida baada ya majuma mawili hivi huwa imeshuka sana. Kwa hiyo kumwondoa nyumbani siku anapoanza kupona ni kufunga zizi baada ya ng'ombe kutoka. Kinachowasaidia wajukuu ni kupelekwa kliniki wapimwe wote, na walio wadogo wapewe dawa ya kinga; madirisha yafunguliwe, hata kama kuna baridi; na mgonjwa afunike mdomo akohoapo. Mkulima aweza kumjibu mama yake, "Mama, nimesikia, wala sidharau maneno yako. Lakini dawa iko hapa, na kliniki iko hapa, na jina lililo kwenye kadi ni langu."

Hapo ndipo imani inapoingia, na yafaa iangaliwe ni imani ya namna gani.

Wako watu wanaodhani kwamba imani na vidonge ni maadui, na kwamba amezaye kidonge amemwonyesha Mungu kwamba hamwamini. Wahubiri wa namna hiyo hawakosekani, nao hupendwa kwa sababu husema kwa sauti kubwa. Walakini, Biblia wanayoishika mkononi haiwaungi mkono. Mfalme Hezekia alipougua karibu na kufa, aliomba huku akilia, na maombi yake yakasikiwa. Hata hivyo nabii Isaya aliagiza kipande cha tini kiwekwe juu ya jipu. Kama mfalme aliyekwisha kuahidiwa miaka 15 zaidi alihitaji tini, mke wa mkulima hatatenda dhambi kwa kumeza rifampisini.

Habari ya Naamani Mshami ni ya karibu zaidi. Aliambiwa akajioshe mara saba katika mto wa Yordani, naye akakasirika kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa dogo mno. Mwishowe alishuka mtoni, wala hatusomi kwamba ukoma wake ulipungua kidogo mara ya tatu au ya nne. Jaribu lake lilikuwa kuacha kwa sababu haoni kitu. Mgonjwa wa kifua kikuu ana jaribu lililo kinyume chake: huacha kwa sababu ameona mengi mno. Mwezi wa kwanza homa imetoka. Mwezi wa pili chakula kimekuwa kitamu, mashavu yamejaa, na kikohozi ni cha hapa na pale. Mwezi wa tatu ameshika jembe. Jumapili anasimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba Bwana amemponya, watu wanapiga makofi, na Jumatatu vidonge vinabaki juu ya kabati.

Kila mkulima amewahi kung'oa majani yale yatambaayo chini ya udongo. Ukiyafyeka juu, shamba huonekana safi juma zima, hata mpita njia hukusifu. Lakini mizizi iko. Dawa hizi hufanya hivyo hivyo: vijidudu vilivyo vyepesi kuzaana hufa kwanza, na mgonjwa huona nafuu kubwa, vile vilivyolala hubaki, navyo vyahitaji miezi mingine minne. Akiacha, vitaamka, na baadhi yao vyaweza kuamka vikiwa havisikii tena dawa za kwanza. Kwa miaka mingi waliofikia hali hiyo walitibiwa mwaka mmoja na nusu au miaka miwili, wakidungwa sindano ambazo ziliwapotezea baadhi yao kusikia. Siku hizi ziko dawa nyingine, na wengi wao huweza kumaliza kwa miezi michache zaidi, lakini dawa hizo ni kali na zahitaji kuangaliwa sana.

Mume amwambie nini mkewe Jumatatu hiyo? Hapo ndipo wengi hushindwa, maana kumshika mtu vidonge kwa nguvu huleta ugomvi, na kumwacha ni kumtupa. Mke aweza kusema, "Baba Watoto, wataka niseme mbele ya kanisa kwamba nimepona, kisha nirudi nyumbani nimeze dawa kama mtu asiyeamini?" Swali hilo lina uzito, wala lisijibiwe kwa kelele. Ushuhuda wake haukuwa uongo. Anapona kweli, na shukrani zake ni za haki. Yule mwenye kupooza aliyeletwa kwa Yesu alibebwa na watu wanne, wakapanda juu, wakatoboa dari, wakamteremsha na godoro lake. Injili yasema kwamba Yesu aliiona imani yao, wale waliobeba. Haisemi kwamba walimwacha nusu ya njia kwa sababu mlango ulikuwa umejaa watu. Mume amwambie mkewe kwamba yeye ni mmoja wa wabebaji, na kwamba bado yuko juu ya dari. Kisha achote maji, ahesabu vidonge, aketi karibu naye mpaka vimemezwa. Siku nyingine sala yote ya nyumba hiyo itakuwa kile kikombe cha maji, wala si haba.

Kazi hiyo hufanywa asubuhi zipatazo 170. Miezi miwili ya kwanza dawa ni nne, zilizochanganywa katika vidonge vichache kufuatana na uzito wa mgonjwa. Miezi minne inayofuata ni mbili. Katika kliniki za Serikali hazilipiwi. Lakini nauli hulipwa, na mayai yaliyokuwa yakiuzwa sokoni sasa yabidi yaliwe nyumbani, na vibarua wa kuchuma chai hutaka ujira wao. Mume atakayeuza ng'ombe mmoja kwa ajili hiyo asionekane mpumbavu. Na yule atakayeshika mwiko, akapika uji wa wimbi na kuwaosha watoto, atachekwa na vijana wa sokoni, watakaosema kwamba amelishwa dawa na mkewe. Waache waseme. Wengi wao hawajaambiwa bado habari ya kohozi la mtu wao.

Msaidizi mwema hujua pia mambo ambayo yangeweza kumtia mgonjwa hofu. Rifampisini huugeuza mkojo kuwa na rangi ya machungwa au nyekundu, na wako walioiona rangi hiyo wakadhani ni damu, au wamerogwa, wakaacha dawa siku ya pili. Ni rangi ya dawa tu. Miguu ikiwa na ganzi au kuwaka kama moto, mwuguzi aambiwe, naye atatoa vitamini ya kuituliza. Lakini macho yakigeuka manjano, au kuona kukififia, au matapiko yasiyokoma, siku hiyo isilale bila kufika kliniki, na daktari ndiye atakayesema dawa zisimamishwe au zibadilishwe. Pombe iepukwe kabisa, kwa kuwa ini tayari lina mzigo.

Liko pia jambo ambalo watu huona haya kulisema, nalo laua amani ya nyumba nyingi. Miezi hiyo mke huweza kuwa dhaifu asitake kuguswa, na mume huweza kuogopa kulala karibu naye. Wazungumze waziwazi. Hofu ikinyamaziwa, mgonjwa huisoma kuwa ni chuki. Tena kama walikuwa wakipanga uzazi kwa vidonge, wajue kwamba rifampisini huvipunguza nguvu. Wamwombe mwuguzi awape njia nyingine, maana mwanamke anayetoka katika ugonjwa huo hahitaji mimba isiyotazamiwa. Na wote wawili wakubali kupimwa virusi vya UKIMWI, kama kliniki ishaurivyo kwa kila mwenye kifua kikuu, bila kuligeuza shauri hilo kuwa kesi ya nani alikwenda wapi.

Kwa Waislamu wa pwani na wa bara, mwezi wa Ramadhani huleta swali lake. Mgonjwa ameruhusiwa na dini yenyewe asifunge, azilipe siku hizo baadaye awapo na afya. Hata hivyo wako wanaofunga kwa siri, wakiona haya kula wenzao wakiwa na njaa. Mume au mke wa mtu wa namna hiyo na amwandalie chakula mwenyewe, amwekee mbele yake, ili aone kwamba ndani ya nyumba hii halaumiwi.

Sasa yabaki habari ya yule abebaye. Makanisani mke wa Ayubu hutajwa kwa aibu, kwa kuwa alimwambia mumewe maneno machungu, na wahubiri wamemkemea karne nyingi. Ni mara chache msemaji akumbukapo kwamba watoto kumi waliokufa siku moja walikuwa wake pia, na mali iliyopotea ilikuwa ya nyumba yake, na kwamba hakuna rafiki hata mmoja aliyesafiri kuja kuketi naye. Marafiki watatu walikuja kwa Ayubu. Katika masimulizi ya Waislamu, mke wa Nabii Ayubu husifiwa kwa jinsi alivyomtumikia mumewe miaka ya taabu. Huenda ni vyema kumshika mwanamke huyo kwa pande zote mbili: mtumishi mwaminifu, naye amechoka mpaka ulimi umeteleza.

Mume amuuguzaye mkewe atafika hapo siku moja. Atakasirika kwa sababu uji umekataliwa. Usiku ataomba, na maneno yatakuwa mafupi, au hayatakuja kabisa. Ataona wivu kwa jirani ambaye mkewe ana afya, na ataona haya kwa wivu huo. Hayo hayaonyeshi kwamba imani imemtoka. Yaonyesha kwamba amechoka, na mtu aliyechoka husaidiwa kwa kupumzishwa. Dada yake mgonjwa na aje siku mbili. Mzee wa kanisa aliyeahidi kuomba, na ashike zamu moja ya kwenda kliniki kuchukua dawa, au akae na watoto. Wale wanne walibeba pembe nne. Hakuna aliyebeba peke yake.

Kohozi hupimwa tena mwezi wa pili, wa tano na wa sita, na asikose hata mara moja, ijapokuwa anajiona mzima. Mwisho wa mwezi wa sita, likiwa safi, kadi hufungwa. Siku hiyo yafaa ushuhuda utolewe tena, na safari hii mume asimame kando yake. Lakini mapafu yaliyoliwa na ugonjwa huweza kubaki na makovu. Mke aweza kuwa amepona kabisa, asiwe na kijidudu hata kimoja, na bado akatweta apandapo kilima na mtungi. Mume aliyejifunza kuchota maji mwezi wa kwanza huenda akaendelea kuchota mwezi wa nane, na mwaka wa pili pia. Na kikohozi kikirudi, hata kama imepita miaka miwili, wasingoje majuma sita kama mara ya kwanza. Waende kituoni siku ileile, na kadi ya zamani waichukue.